Kushoto Ni Ndiyo

Mimi si mtu wa kutulia. Kwenye banda langu la ufundi wa kompyuta hapa Mwanjelwa kuna kiti kimoja tu, nacho ni cha mteja. Mimi natengeneza nimesimama, na kompyuta ikichelewa kuwaka naigongagonga utadhani itaniogopa. Mama yangu kule Kilolo alizoea kusema kwamba hata tumboni nilimsumbua, nilikuwa nataka kutoka kabla ya miezi kutimia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo ninavyowajibu wote. Na tumbo langu lilianza kuuma kwelikweli mwezi wa tatu, siku baba mkwe alipoletwa kwetu akiwa hawezi kusema.

Jina lake silitaji, hata hapa. Mimi ni Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, hasemi naye, wala hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayepisha, tena mbali. Ni heshima, si chuki. Siku hizi wengi wamelegeza. Rafiki yangu Tusajigwe anakula meza moja na mkwewe na wanabishana habari za mpira mpaka chai inapoa. Wangu hakulegeza. Alikuwa bwana mifugo, mtu aliyesoma, mzee wa kanisa, amechanja ng'ombe wa kata nzima, lakini kwa jambo hili alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sikuwahi kumsikia akinisalimia. Zawadi za mtoto wangu Blessing alizipitisha kwa mume wangu, nami shukrani zangu nilizipitisha hukohuko.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa, na macho yake yalikuwa tayari na mtoto wa jicho. Ukabaki mkono wa kushoto, nao kwa kusogea kidogo tu. Asukile, mume wangu, akamleta kwetu ili awe karibu na hospitali, na dada yake Gloria akaja kumwuguza. Tukampa chumba kinachofungukia sebuleni.

Nitasema ukweli, maana sina sababu ya kujipamba. Nilitaka aondoke. Mlango wake ukiwa wazi, sikuweza kukatiza sebule yangu mwenyewe. Nilitokea mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba kwenye matope, nikaingia kwa mbele kama mwizi, ili tu nifike chumbani kwangu kuchukua sweta. Siku ya kwanza nilisahau nikapita mlangoni kwake. Gloria aliniambia mzee aligeuza uso ukutani akalia. Nilijionea huruma, nikamwonea na yeye huruma, halafu nikakasirika tena.

Kaka yao mkubwa, Sedekia, anaishi Iringa mjini, ana nyumba yenye nafasi. Alisema atamchukua. Asukile akasema sawa, lakini Baba aulizwe kwanza. Sasa aulizweje? Kichwa chake kilitikisika chenyewe kwa kila neno. Ukimshika mkono ukamwambia aminye kama amekubali, aliminya kwa kila swali. Sedekia kwenye simu akawa anasema, "Si ametikisa kichwa? Basi amekubali." Nesi wa mazoezi ndiye aliyetuambia, "Huyu anaelewa kila kitu. Kinachokosekana ni njia ya kutokea."

Njia ya kutokea. Neno hilo lilinikaa kichwani siku nzima nikiwa dukani, na mchana nikiwa nasafisha mausi ya kompyuta ya mteja nikaliona jibu mkononi mwangu.

Watu wengi hudhani mausi huiambia kompyuta mahali ilipo. Mausi haijui ilipo. Chini ya tumbo ina kitaa chekundu na kamera ndogo kuliko punje ya ulezi. Inapiga picha za meza maelfu kwa sekunde, inalinganisha hii na iliyopita, na kitu pekee inachokijua ni kwamba imesogea hatua kadhaa kulia au kushoto, hatua kadhaa mbele au nyuma. Kulia kwake yenyewe, mbele kwake yenyewe. Tena haisemi mpaka iulizwe. Kompyuta ndiyo inayouliza, mara mia na zaidi kila sekunde: una neno? Kama haijasogea, inajibu sina. Kama imesogea, inatoa tarakimu zake: kitufe kimebonyezwa au la, upande hatua ngapi, mbele hatua ngapi. Kompyuta inajumlisha, inachora kishale kwenye kioo. Basi.

Sentimita mbili za mkono wa mzee zilitosha kabisa kwa kazi hiyo.

Siku ya Jumatano nikaweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, nikaunga waya mrefu, nikaupitisha chini ya mlango wake. Kuiweka chumbani mwake isingesaidia, kwa kuwa macho yake yasingeona kioo na mimi nisingeweza kuingia kuisoma. Nikagawa kioo nusu kwa nusu: kushoto kijani, NDIYO; kulia nyekundu, HAPANA. Asogeze mkono upande anaoutaka, kisha abonyeze kwa kidole kuthibitisha. Vitufe vyote viwili nilivipa kazi moja ili asihangaike.

Kitanda chake kichwa kiko mlangoni, kwa hiyo waya ulitokea nyuma yake. Gloria alimwegemeza kwa mito, akamlazia ubao wa kukatia mboga mapajani, akaweka mausi juu yake. Mlango tuliurudishia nusu, mimi nikabaki nje nikitoa maagizo.

"Wifi, sogeza kushoto."

Kishale kikaenda kushoto.

"Kulia. Haya, bonyeza. Bonyeza tena."

Kila kitu kikafika kama nilivyotaka. Nikamwambia amwekee mzee mkono juu yake.

Asukile ndiye aliyeuliza, amesimama kwenye kizingiti, huku anamwona Gloria, huku ananiona mimi. "Baba, kushoto ni ndiyo, kulia ni hapana. Unataka uji?"

Kishale kikatetemeka, kikaanza kwenda kulia pole pole, kikakaa juu ya HAPANA. Nilitaka kupiga vigelegele. Miezi mitatu mtu amezikwa mwilini mwake, na sasa anasema hapana! Nikamnong'oneza Asukile, naye akatangaza kwa sauti, "Baba hataki uji."

"Mh," akasema Gloria. "Uji wa ulezi anaupendaga huyu. Basi nimletee chai."

Papo hapo kishale kikaruka kioo kizima, juu, chini, kona hadi kona.

"Anapiga ubao!" Gloria akasema.

Asukile akacheka, machozi yanamtoka. "Amefurahi. Si ameulizwa?"

Mimi nilikuwa naangalia tarakimu, na zile vurugu zilinikera. Baada ya maswali mawili nikaandika chujio kwenye programu: mkono ukipigapiga ovyo, tarakimu hizo zitupwe. Kishale kikatulia. Kingine kilichonikera ni kwamba mzee hakubonyeza hata mara moja. Nikaamua kidole hakina nguvu, nikabadilisha: kishale kikikaa upande mmoja sekunde tatu, lihesabike kuwa jibu. Nilijiona fundi.

Alhamisi tukauliza kama anataka redio. Hapana. Gloria akaizima, nyumba ikawa kimya. Alhamisi hiyohiyo Asukile akavuta pumzi akauliza lile lenyewe: "Baba, unataka kwenda Iringa kwa kaka Sedekia?"

Kishale kikaenda kushoto, moja kwa moja, bila kusitasita. NDIYO.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, na sikumnong'oneza Asukile. Nilisema mwenyewe, kwa sauti iliyopita kuta: "Amesema ndiyo!" Hata sikuona aibu.

Sedekia akafika Ijumaa na gari la kukodi, Noah, viti vya kati vimeng'olewa na godoro limetandikwa. Mwanaume mpole kwa kweli, amechoka na safari, akaniambia, "Shemeji, hii mashine yako imetusaidia. Ningemchukua bila ridhaa yake ningelala vibaya maisha yangu yote." Sikulala vizuri mimi. Sikujua kwa nini.

Jumamosi asubuhi ndugu hao wawili wakapeleka gari kujaza upepo na mafuta. Gloria akaenda sokoni kununua ndizi na maziwa ya njiani. Blessing alikuwa kwenye kwaya ya watoto. Mimi nikaachiwa kazi ya kufungua kompyuta na kuifunga kwenye boksi, iende Iringa na mwenyewe.

Ningechomoa waya nikamaliza. Lakini kitu kilikuwa kinanikwaruza tangu Alhamisi, nami sijui kuacha kitu kinachonikwaruza. Nikafungua faili linalotunza tarakimu zote kama zilivyotoka kwa mausi, kila moja na saa yake, kabla ya chujio langu kuzigusa.

Tarakimu zilikuwa na zamu. Swali linaulizwa, mkono unasogea, jibu linatangazwa, na ndipo ghasia inaanza. Kila mara baada ya jibu kutangazwa. Gloria akimlisha, kimya. Blessing akiimba uani, kimya. Tukisema "hataki uji", ghasia. Tukisema "zima redio", ghasia. Na baada ya ile sauti yangu ya "amesema ndiyo", ghasia ilidumu dakika nne nzima, mimi nikiwa nimeizuia isionekane kwenye kioo. Mtu mwenye furaha hapigi ubao dakika nne kwa mkono nusu mfu.

Nikashuka kwenye safu ya vitufe. Sifuri, sifuri, sifuri, siku tatu za sifuri. Mibonyezo miwili tu ilikuwapo, ile ya mwanzo kabisa, ya Gloria akijaribu.

Gloria alisimama wapi alipojaribu?

Nikaanza kutembea sebuleni. Dirishani, mezani, dirishani. Gloria alisimama miguuni pa kitanda, uso kwa uso na baba yake. Waya ulitoka mlangoni, nyuma ya mzee, na Gloria aliiweka mausi mkia ukielekea ulikotokea waya, yaani kwa mzee. Kwa Gloria ilikaa sawasawa. Kwa mzee ilikaa kinyumenyume.

Nikatoa mausi nyingine begini, nikaichomeka, nikazunguka upande wa pili wa meza na kuishika hivyo, mkia kwangu. Vidole vyangu viliangukia mgongoni. Vitufe vilikuwa chini ya kiganja, hakuna kidole cha kuvifikia. Nikasogeza mkono kushoto. Kishale kikaenda kulia.

Alikuwa anataka uji. Alikuwa anataka redio. Hakuwa anataka Iringa. Kwa siku tatu tulimwuliza, akajibu, tukamtangazia kinyume chake masikioni mwake, kisha tukatenda hicho kinyume. Alipopiga kelele kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, mimi nikaziba. Nilimwonea uchungu ambao sijawahi kumwonea mtu, na chini ya uchungu huo kulikuwa na hofu: na mimi nilishangilia.

Mtu mwenye akili timamu angesubiri. Gloria angerudi, angeigeuza mausi, Asukile angeuliza upya, mambo yangekwisha. Hata kugeuza hakukuhitajika. Alama mbili tu za kutoa kwenye programu, nikiwa hapohapo nilipo, na kulia ingekuwa kushoto. Hayo nayasema leo. Asubuhi ile nilikwenda dirishani mara tatu kutazama njia, Gloria haonekani, gari halionekani, na kila nilipogeuka nilimwona mzee yuko nyuma ya ule mlango akisubiri kubebwa kama mzigo kwenda asikotaka. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilitaka iwe imenyooka sasa hivi.

Nikasukuma mlango.

Alikuwa ameteleza kwenye mito, shingo imepinda, shuka limemtoka mpaka juu ya mapaja. Mguu mmoja mwembamba kama wa mtoto. Mausi ilikuwa kama nilivyoiwaza, mkia kwake, na mkono wake umelala juu. Aligeuza macho yale yenye ukungu, na naamini aliona kivuli tu. Ningenyamaza, angedhani ni Gloria.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Evarista."

Akafumba macho. Akayafumba kwa nguvu, uso wote ukajikunja, na pumzi yake ikaanza kwenda mbio. Mimi nilikuwa nimeshaanza, na nikishaanza jambo sijui pa kusimama. Nikamfunika shuka. Nikamnyanyua mkono, ulikuwa wa moto na mwepesi kuliko nilivyodhani, nikaigeuza mausi, nikaulaza mkono upya, kidole juu ya kitufe.

"Tulikosea, Baba. Iligeuzwa. Sasa ni kushoto ndiyo, kweli." Nikatoka mbio.

Mezani nikafuta chujio. Nikauliza kwa sauti kubwa, mlango wazi, mimi, mke wa mwanawe: "Baba, unataka kwenda Iringa?"

Hakuna kitu. Kishale kimetulia katikati. Kisha kikasogea, pole pole, kushoto. NDIYO. Na mbonyezo ukafika, wa kwanza wake katika siku tatu.

Nikadhani nimehesabu vibaya. Nikauliza tena kwa njia nyingine.

"Juzi ulipoulizwa habari za Iringa, ulikataa?"

NDIYO. Akabonyeza.

"Na leo unataka kwenda?"

NDIYO. Akabonyeza.

Jibu la kwa nini nilikuwa nalo, lakini sikuweza kukaa na kitu hicho bila kukiuliza. "Ni kwa sababu nimeingia?"

Safari hii alikawia. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia pumzi yake. Kishale kikaenda kushoto. NDIYO.

Hakuweza tena kukaa nyumba ambayo mke wa mwanawe amemwona vile na kumshika mkono. Angeweza kuvumilia matope yangu, chai asiyoitaka, redio iliyozimwa. Hilo asingeweza. Nami nilikuwa nimelifanya kwa nia njema, na nia njema haikumfunika.

"Umenikasirikia, Baba?"

Kishale kikavuka kioo kizima kwenda kulia. HAPANA. Akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena, ingawa mmoja ulitosha. Nikalia nimesimama.

Walipofika wote niliwasimulia nikiwa mlango wa jikoni, sikuficha hata la aibu. Gloria akaweka ndizi chini.

"Umeingia, wifi?"

"Nimeingia."

Akashika mdomo. Akaingia chumbani kwa baba yake, akatoka, akawa hanitazami.

Sedekia alikuna kichwa. "Sasa shemeji, anakwenda au haendi?"

"Anakwenda. Mwulizeni wenyewe, imekaa sawa."

Wakamwuliza. Asukile akatazama kioo, Gloria akatazama mkono. Ndiyo, na mbonyezo. Walipombeba kwenda garini nilikwenda nyuma ya jiko, nikageukia ukuta kama inavyotakiwa, nikasikia mlango wa Noah ukivutwa.

Asukile alinifuata huko kuniaga, maana alikuwa anawasindikiza hadi Iringa. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Alitaka kubaki na sisi, mama Blessing," akasema. "Ungesubiri hata dakika kumi."

Saa ya kila tarakimu ilikuwa imeandikwa kwenye lile faili, nami nilikuwa nimetazama saa ya kompyuta geti lilipolia: tangu niliposukuma mlango mpaka Gloria alipoingia zilipita dakika saba.